Muhula wa Kifungu cha Kumi na Nne

Jumatatu, 10 Februari

Joto la leo lingemtoa kobe gambani. Nimewagawa wanafunzi wangu kumi na wawili katika ofisi za serikali ya mkoa kwa mafunzo kazini, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nimegombana na watu wanne. Kwa Februari hiyo si hesabu mbaya. Mkuu wa kitivo aliniambia nipeleke "wanaojua kujieleza". Nikamjibu kwamba serikali haina upungufu wa wanaojieleza, imekosa wanaosoma.

Lakini yule wa mwisho amenipa taabu. Ofisi inayopokea maoni ya wananchi kuhusu sera mpya imeomba mwanafunzi anayejua Kifaransa na Kiswahili. Nilitamani kumpeleka Mark, Mkenya mwenzangu hapa ugenini, ambaye mdomo wake hufika mahali kabla ya miguu. Mark hajui Kifaransa hata cha kuombea maji. Basi nimempeleka Epiphanie. Ni Mkongomani: alizaliwa Uvira, akalelewa Albert Park, mtaa wa wahamiaji hapa mjini, ana alama nzuri kuliko wote, na kwa miaka mitatu darasani kwangu hajawahi kunipinga hata neno moja. Mimi simwamini mtu asiyenipinga.

Jumanne, 11 Februari

Joto lilelile. Nimesahihisha insha. Zote zinaanza na "Tangu enzi za kale".

Jumatano, 19 Februari

Rasimu ya sera ya mkoa kuhusu wafanyabiashara wa barabarani na sokoni imetoka. Nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikamwagika.

Kifungu cha kumi na nne: kuanzia tarehe mosi Julai, kibali cha meza au kibanda kitapewa raia na mkazi wa kudumu tu. Kwa maneno mengine, kila Mkongomani na Mrundi mwenye karatasi za ukimbizi, zile za kuhuishwa kila baada ya muda, ataondoka mezani pake. Ni mstari mmoja na nusu. Aliyeuandika hakuhitaji hata kukunja uso.

Epiphanie alikuja ofisini kwangu baada ya kazi. Mama yake, Marie-Jeanne, anasuka nywele katika kibanda cha soko karibu na Albert Park kwa mwaka wa kumi na nane sasa. Kibanda hicho ndicho kilichomsomesha binti.

"Sasa weye uko ndani kabisa," nikamwambia. "Maoni yote yatapita mikononi mwako. Tuambie wanayoyasema huko."

"Siwezi, Prof. Siku ya kwanza nilimwambia Bi. Cele kwamba mama yangu ana kibanda. Nikajaza fomu. Nimesaini kwamba sitatoa habari za ofisi."

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Yaani amejifunga mdomo kwa mkono wake mwenyewe! Bi. Cele ndiye msimamizi wake: mwanamke wa Kizulu mwenye miwani ya kamba, aliyeniandikia barua pepe tatu kuniuliza kama bima ya mwanafunzi imekamilika. Nawajua watu wa aina hiyo. Nyumba ikiungua, watauliza nani ametia saini daftari la ndoo.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeandika barua ya maoni. Kurasa mbili. Nimetumia historia ya mji huu, watu waliohamishwa kwa nguvu kutoka Bluff kupelekwa Chatsworth enzi za ubaguzi wa rangi kwa sababu karatasi fulani ilisema hawafai kukaa walipokaa. Nimetumia katiba. Nimemaliza kwa sentensi ambayo, Mungu anisamehe, nimeisoma kwa sauti mara tatu.

Jumapili, 23 Februari

Ukumbi wa kanisa la Wakongomani, ghorofa ya pili, Albert Park. Feni mbili, watu mia mbili na zaidi. Katibu wa kanisa ni mzee Barthélemy, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira kwa miaka ishirini na mbili. Hapa wote humwita Maître, hata wanaomzidi umri. Nilifikiri tutapiga nakala ya barua yangu na kila mtu atie saini. Maître alinitazama kama mtu aliyetema mate kanisani.

"Photocopie? Hapana, Professeur. Iko dharau. Barua ya mtu inaandikwa na mkono yake."

Akapanda jukwaani na chaki. Akainakili barua yangu yote ubaoni, koma kwa koma, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Kisha wakaanza. Fundi simu, wauza vitenge, wapishi, wasusi, wote wameinama. Maître alipita kati ya viti na rula. Aliyeharibu mstari alirudia karatasi nzima. Aliyechelewa aliambiwa, "Ruphin, ubao hautakungoja mpaka Krismasi."

Marie-Jeanne, mama yake Epiphanie, ndiye aliyeandika vizuri kuliko wote. Maître aliinua karatasi yake juu, watu wakapiga makofi.

Nilisimama nyuma nikitazama sentensi zangu zikitoka kwenye kalamu mia mbili. Nisijidanganye katika daftari langu mwenyewe: nilijisikia vizuri mno.

Ijumaa, 7 Machi

Barua mia tatu na arobaini, pamoja na za waliokuja ukumbini baadaye, zimepelekwa. Bi. Cele amezipokea, ametupa stakabadhi. Hakuinua hata nyusi.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mark ameandika kutoka ofisi aliyopelekwa kwamba tayari ameishauri idara ibadilishe mpango wake wa miaka mitano. Yuko huko wiki tano.

Jumatano, 26 Machi

Nimemkosea Epiphanie leo.

Alikuja kuleta ripoti yake ya katikati ya muhula. Safi, haina kosa, haina hasira. Nikamwuliza, kwa mara ya nne, barua zetu zimefika wapi. Akasema hawezi kujibu. Nikamwambia kwamba mama yake atafukuzwa kibandani tarehe mosi Julai huku binti akilinda fomu. Nikamwambia kuna watu huita woga wao uadilifu.

Hakulia. Nilitarajia alie, halafu nimwonee huruma, yaishe. Alipanga karatasi zake polepole.

"Prof, naweza kukuuliza kitu ambacho hakimo ofisini, kimetangazwa kwa watu wote?"

"Uliza."

"Lile tangazo la kualika maoni lina kurasa ngapi?"

"Sita."

"Saba," akasema. Akaaga kwa heshima zote, akafunga mlango taratibu. Angeubamiza ningefurahi zaidi.

Alhamisi, 27 Machi

Ukurasa wa saba. Jedwali, anwani, na chini kabisa, kwa herufi za ukubwa uleule kama nyingine zote, kwa hiyo sina hata hilo la kulalamikia:

"Maoni yenye maneno yaleyale, yawe yamechapwa au yameandikwa kwa mkono, yatahesabiwa kuwa oni moja."

Halafu: "Maoni yanaweza kuletwa kwa lugha yoyote ambayo mwandishi anaimudu." Na tarehe ya mwisho: Ijumaa, 11 Aprili, saa kumi jioni.

Barua mia tatu na arobaini ni oni moja. Langu.

Mimi niliyesoma vitabu vya falsafa ya sheria katika lugha tatu, ninayewacheka wakubwa kwa kutosoma, sikugeuza karatasi. Nilipofika kwenye kifungu nilichokichukia, nilikuwa nimeshapata nilichotaka: mahali pa kupigia kelele. Watu mia tatu na arobaini walikuwa na vinywa, nikavijaza vyote maneno yangu. Hata aliyekiandika kifungu cha kumi na nne hakuweza kuwanyamazisha kwa ufanisi namna hiyo.

Nimemtumia Epiphanie ujumbe wa kumwomba radhi. Amejibu: "Sharp, sawa, Prof. Siku kumi na tano zimebaki."

Ijumaa, 28 Machi

Nimemwambia Maître. Alikuwa kwenye kibanda cha Ruphin, fundi simu, akingoja kioo cha simu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tuliandika na mkono," akasema.

"Najua, Maître."

"Hakuna kosa hata moja. Mia tatu na arobaini, hakuna kosa!"

"Ndiyo kosa lenyewe. Zinafanana."

"Zinafanana sababu ziko sawasawa! Mwanafunzi akiandika tofauti na ubao, minamupa sifuri!" Sauti ilipanda, wateja wakageuka. "Sasa serikali inataka nini? Inataka makosa?"

Ruphin, bisibisi mdomoni, akasema, "Maître, labda inataka kusikia siye."

"Weye nyamaza, ulirudia karatasi mara tatu."

"Ndiyo. Na hata sasa sijui ile barua ilisema nini. Ilikuwa na maneno makubwa. Mama Zilpah hapa anisamehe."

Nimemsamehe. Sikuwa na la kufanya.

Maître akaniuliza kama serikali ina kiwango cha chini cha mistari. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa mitihani imefutwa duniani kote.

Jumamosi, 29 Machi

Hatukuwaita tena ukumbini. Kwenye ukumbi kuna ubao. Tumewafuata walipo: saluni, vibanda vya simu, jiko la Ciza anayepika sombe, majani ya muhogo, na makayabu, samaki wa chumvi. Nimepewa amri na Maître mwenyewe: "Professeur, weye unabeba karatasi na kalamu. Hausemi kitu."

Kutosema kitu kumeniuma meno.

Kibanda cha Marie-Jeanne kina viti viwili na kioo kimoja. Alikuwa anamsuka askari wa kike, sare mwilini, kofia magotini.

"Mama Zilpah, miye sina kitu ya kusema," akaniambia. "Ile barua yako ilikuwa muzuri. Miye ni mama wa nywele tu."

Nilikuwa na majibu sita. Nikayameza yote sita. Askari ndiye aliyemjibu, kwa Kiingereza chake cha Kizulu: "Eish, Ma, kwa nini usiseme ni nani alimfundisha dada yangu kusuka?"

"Nani? Thandeka? Si ni miye."

"Na wengine?"

Marie-Jeanne akaanza kuhesabu kwa vidole, chanuo mkononi. Akahesabu, akaanza upya, akafika tisa. Wasichana tisa, raia wa vitongoji vya Umlazi na KwaMashu, na watano kati yao wana vibanda vyao leo.

"Andika hiyo," nikaropoka.

"Umeambiwa usiseme," akasema Marie-Jeanne. Lakini alivuta karatasi.

Alhamisi, 3 Aprili

Tisini na moja.

Jumapili, 6 Aprili

Mia moja na sitini na nne. Maître amepita akisahihisha mwandiko, si maneno. Nimemwona akisoma barua ya Ciza, kalamu nyekundu imetulia hewani, halafu akairudisha mfukoni. "Ameandika vibaya sana," aliniambia. "Lakini kama uko karibu na sufuria, unasikia harufu."

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kutisha. Maji yamejaa barabara, robot zote, yaani taa za barabarani, za katikati ya mji zimezimika, magari yamelala njiani. Soko limefungwa, na watu tuliokuwa tuwafuate leo wamebaki majumbani. Barua ziko kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, ghorofa ya pili. Nimempigia Epiphanie kumwuliza kama tarehe itasogezwa kwa sababu ya hali ya hewa. "Prof," alisema, "ukurasa wa saba haujataja mvua."

Nilicheka peke yangu jikoni. Hatimaye ananipinga.

Ijumaa, 11 Aprili

Teksi hazikuwepo, tulitembea. Watu kumi na wanne, ndoo nne, Maître mbele na mwavuli kana kwamba ni maandamano ya Siku ya Matawi. Tulifika saa tisa na dakika arobaini. Mlinzi alisema ofisi imefungwa kwa umma kwa sababu maji yameingia chini.

Nilishavuta pumzi ya kumwangamiza. Kabla sijaitoa, Bi. Cele alishuka ngazi mwenyewe, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi.

"Tangazo linasema saa kumi," alimwambia mlinzi. "Sasa si saa kumi."

Alizihesabu barua moja moja juu ya meza ya mlinzi, mbele yetu, akizipitia kwa macho kuona kama zinafanana. Mia mbili themanini na saba. Alipofika kwenye ya Marie-Jeanne alisimama. "Hii mwanafunzi wangu hataigusa. Itatafsiriwa na mkalimani wa nje. Aliandika mwenyewe siku ya kwanza kwamba ni mama yake, kwa hiyo hakuna atakayeweza kuniambia kitu kuhusu hizi nyingine zote."

Nilimwelewa Epiphanie saa hiyo, nimesimama kwenye maji ya vidoleni. Fomu ile niliyoiita woga ndiyo iliyomruhusu kuzisoma barua mia mbili themanini na sita bila mtu kuzitilia shaka. Na mwanamke wa daftari la ndoo, nyumba ilipojaa maji, ameshuka mwenyewe kupokea ndoo. Nimekuwa mpumbavu mara mbili katika muhula mmoja, na bado kuna mitihani.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikukuu. Nimelala.

Alhamisi, 15 Mei

Kikao cha kamati ya kusikiliza maoni. Baridi kidogo, anga safi kama sahani. Ukumbi ulijaa, Wakongomani walikuja na nguo za harusi.

Wakili wa chama cha wenye maduka alisema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kisha akatoa alichokuwa amekificha. "Waheshimiwa, barua hizi si za wafanyabiashara hawa. Zimeandikwa na profesa mmoja wa chuo kikuu anayejulikana kwa uchochezi. Wengi wa watu hawa hawawezi kuandika ukurasa." Akanielekezea kidole. Kwa mara ya kwanza maishani nilishutumiwa uchochezi nikakaa kimya. Maître alikuwa amenishika mkono wa koti.

Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, akamgeukia Bi. Cele. "Je, zinafanana?"

"Kuna oni moja la Machi lenye nakala mia tatu na arobaini. Tulilihesabu moja. Hizi za Aprili ni mia mbili themanini na saba, na hakuna mbili zinazofanana."

"Toa tatu. Usichague."

Bi. Cele aliingiza mkono ndani ya boksi, uso ameuelekeza dirishani. Epiphanie alisimama pembeni kutafsiri. Alisoma kwanza kwa Kiswahili, ndipo kwa Kiingereza, na sauti yake, ambayo nilidhani haifiki dawati la pili, ilifika ukutani.

"Mimi Ruphin natengeneza simu. Polisi wa zamu huleta simu zao kwangu kwa sababu sifuti picha za watoto wao. Mkiniondoa, tafadhali niambieni nizikabidhi kwa nani, kwa maana ziko kumi na moja sasa hivi."

Watu walicheka, na mwenyekiti pia.

"Mimi Ciza napika. Nanunua samaki kwa mama wa Bluff, muhogo kwa mzee wa Chatsworth, mafuta kwa Bwana mwenye duka mkabala na jiko langu. Ananiuzia kila Jumatatu. Hajaniuliza karatasi."

Mwenye duka fulani, mstari wa mbele, alianza kutafuta kitu mfukoni na hakukipata.

Ya tatu Epiphanie aliitazama, akairudisha mezani. "Mheshimiwa, hii siruhusiwi kuisoma. Ni ya mama yangu. Tafsiri ya mkalimani wa nje imeambatishwa."

Wakili alianza kuzipanga karatasi zake mkobani.

"Mama huyo yupo?" mwenyekiti akauliza. "Basi asome mwenyewe."

Marie-Jeanne alisimama na gauni la kitenge cha buluu. Aliiweka karatasi juu ya kiti, akasema bila kuiangalia, mkalimani wa nje akimtafsiria.

"Miye ni Marie-Jeanne. Miaka kumi na nane kwa kona moja. Nimefundisha wasichana tisa wa hapa kusuka. Watano wana kazi yao, na sheria hii itawaachia vibanda vyao, ni vizuri. Lakini vidole vyao vinafanya kile vidole vyangu vilifanya. Kama kazi yangu ni haramu, muwaambie wafumue."

Kisha akakaa.

Wanawake watano upande wa kulia wakainuka. Hakuna aliyewapanga, mimi hata sikujua wamekuja. Yule wa kwanza akasema kwa Kizulu jina lake ni Thandeka, na kwamba hatafumua kitu. Vigelegele vilipasua dari. Maître Barthélemy, mwalimu wa miaka ishirini na mbili, alikuwa akilia waziwazi. "Sifuri," alininong'oneza. "Ningempa sifuri. Hakufuata ubao hata neno moja!"

Ijumaa, 30 Mei

Ripoti ya kamati imetoka. Nimeisoma yote, kurasa arobaini na tatu, na viambatisho, na anwani ya mchapaji. Ukurasa wa kumi na tisa: kifungu cha kumi na nne kimefutwa. Mwenye karatasi halali za ukimbizi atapewa kibali kama mfanyabiashara mwingine yeyote, na sababu iliyoandikwa ni "ushahidi wa wafanyabiashara wenyewe". Barua yangu imetajwa katika tanbihi. Tanbihi inasema hoja zake za kikatiba "zimezingatiwa".

Nimewahi kushinda midahalo redioni, nikarudi nyumbani na ukali uleule mdomoni. Huu ni ushindi wa namna nyingine. Nimepiga kelele kwenye korido mpaka mkuu wa kitivo akatoka.

Nimempa Epiphanie alama themanini na moja. Amepinga, kwa maandishi, aya nne, akinukuu mwongozo wangu mwenyewe wa kusahihisha. Ana haki. Themanini na sita.

Ijumaa, 13 Juni

Dirisha la vibali limefunguliwa leo. Marie-Jeanne alikuwa wa nane kwenye foleni. Nilisimama naye, nimefunga mdomo bila kuambiwa. Karani aliangalia karatasi zake za ukimbizi, akageuza ukurasa mmoja, akageuza wa pili, akagonga muhuri.

Nilitegemea vigelegele. Marie-Jeanne alikikunja kibali mara moja tu, akatembea haraka kurudi sokoni, mimi nyuma nikihema, kwa sababu alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Alikitia ndani ya mfuko wa plastiki, akakitundika kwenye msumari kando ya kioo, akarudi nyuma hatua moja kukitazama. Akakinyoosha upande.

Kisha akashika chanuo.

"Inamisha kichwa, dada," akasema. "Tuendelee."